Hapa Mama Huvuta Pumzi

4 Februari

Kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mguu umepungua kuvimba, na kwamba unaukanda kwa maji ya moto kama ulivyoambiwa badala ya kuungoja upone wenyewe. Huku tuko wazima, yaani tunaamka na tunakwenda kazini. Karakana imepata oda ya sare za shule tatu, kwa hiyo tangu mwezi uliopita nashona kola tu. Jirani yangu wa mezani, yule mnene anayecheka kwa mabega, anasema tukifa watatuvisha kola peke yake. Mashine zote sasa ni za umeme. Ile ya kukanyaga ya marehemu mama iko nyumbani, nimeifunika shuka.

Bomba la bafuni linavuja tena, ndani ya ukuta. Fundi amekuja mara mbili, kabomoa vigae vinne, hajapaona. Mwanangu Sikio angeweka shavu ukutani, akasema, "Hapa, Mama. Kiganja kimoja juu ya hapa." Idara ya maji walimwajiri kwa hilo tu, kusikiliza mabomba. Ni miezi mitatu tangu tumzike mwanangu, na bado nikisikia tone linadondoka namngoja aniambie ni wapi.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu unajua kucheka. Ukishacheka tunaishia kwenye mvua na jua, halafu mtandao unakatika, na kila siku unakatika upande wako. Kwenye karatasi utanijibu.

Jambo lenyewe ni zile kurasa za Sikio. Unakumbuka miaka minne iliyopita alivyokupigia? Nilikuwa jikoni, alikuwa ameweka spika. Alisema, "Mjomba, nataka kuandika noti za nyimbo za bendi yenu, zote, niziweke mtandaoni watu wachukue bure. Unaniruhusu?" Na wewe ukasema, "Andika tu mwanangu, hizo ni zako, unaniomba mimi ruhusa ya nini?" Tukacheka wote watatu.

Aliandika nyimbo sitini na tatu. Alikuwa akirudi kazini anaoga, anakaa pembeni ya meza ya jikoni na vile vitu vya masikioni, anarudia kipande kimoja mara thelathini. Chini ya kila ukurasa aliandika maneno yale yale: "Nimeandika kwa sikio. Panapokosewa nisahihishwe. Chukua bure." Na watu walichukua. Mwalimu mmoja wa kwaya alimshukuru kila mwezi. Mstaafu mmoja alibishana naye wiki nzima juu ya sauti moja ya besi, mwisho Sikio akabadilisha, akamwandikia, "Asante mzee, sikio langu la kulia lilikuwa limelala."

Tangu afariki, kila Alhamisi nikitoka kazini napitia duka la fotokopi lililo nyuma ya karakana. Mama mwenye duka ananifungulia hizo kurasa nakaa nusu saa. Unajua mimi sisomi noti, zile d na r na m kwangu ni mishono ya fundi mwingine. Ninachosoma ni maneno madogo aliyoweka pembeni. "Hapa mpiga tarumbeta alikohoa, sikiliza." "Hapa Mjomba anawahi, ana haraka ya kwenda wapi?" Na kwenye ule wimbo wa Pindo, ukurasa wa arobaini na moja: "Hapa Mama huvuta pumzi."

Alhamisi iliyopita hazikufunguka. Tukaingia kwenye barua pepe zake, maana neno lake la siri aliliandika nyuma ya kalenda. Kulikuwa na ujumbe. Mwenye hakimiliki amelalamika, kurasa zote zimefungwa, na zitafutwa kabisa tarehe 15 Mei kama mwenye akaunti hatajibu yeye mwenyewe. Aliyelalamika ni kampuni iliyonunua nyimbo zenu, hiyo hiyo unayoitunzia ghala.

Nakala nyingine sina. Alikuwa anaandikia kwenye simu ya ofisi, na simu hiyo niliirudisha kwa mikono yangu wiki moja baada ya mazishi. Niliifuta vumbi kwanza. Waliipokea wakashukuru, wakafuta vilivyomo, wakampa mwingine.

Kaka, wewe uko ndani ya nyumba hiyo. Waambie ni za mpwa wako na amefariki. Wakikataa kuziacha, wazifungue siku moja tu, mama wa fotokopi atazitoa zote kwenye karatasi. Siku moja. Sidhani kama naomba kikubwa.

Ndimi mdogo wako.

19 Machi

Mdogo wangu, Fundi Kola,

Barua yako ilifika zamani, usifikiri posta wameila. Nilikuwa naiweka mfukoni nakwenda nayo kazini narudi nayo, mpaka imechakaa kama mimi. Mguu uko vilevile. Unavimba jioni, unanywea asubuhi, unafanya kazi zamu kuliko mlinzi wetu. Ndio ulionizuia kuja kumzika mwanangu, na kila nikiutazama nauambia hivyo.

Ghala letu hili ni chumba kirefu kisicho na dirisha. Kanda zimepangwa mpaka darini, na kazi yangu ni kuzigeuza kila baada ya miezi sita zisije zikashikana. Wenzangu wa bendi wako humo wote. Nikimgeuza mpiga tarumbeta namwambia, "Lala upande huu sasa, bwana." Mimi ndiye pekee ninayejigeuza mwenyewe.

Hilo la kurasa nimelisikia. Mkubwa amesafiri, akirudi nitamuuliza.

Lakini nikwambie kitu, na usinikasirikie. Hii "bure" yenu mnaipenda kwa sababu hamjui ilikotoka. Miaka thelathini nimekaa kwenye sherehe za watu nikisikia vijana wanapiga nyimbo zangu, na hakuna aliyesema, "Yule mzee pale ndiye alitunga." Nilimwambia kijana mmoja akaniuliza, "Mzee umekunywa?" Kampuni hii, kwa ubaya wake wote, ilikuwa ya kwanza kuandika jina langu pembeni ya wimbo. Wamenipa chumba, wamenipa kanda nizigeuze, na jina langu liko kwenye jalada. Mtu mwenye mashine akiweka kila kitu hadharani jina linaliwa. Simsemi Sikio. Sikio alikuwa mtoto mzuri. Nasema kwa jumla.

Msalimie yule mnene wa mabega. Mwambie mimi kola nitavaa, ila tai hapana.

Kaka yako.

28 Machi

Kaka,

Nashukuru kwa barua. Kumbe mkono wako ukitaka unaandika. Bomba limepatikana, lilikuwa kiganja kimoja juu ya pale walipobomoa. Nilicheka peke yangu bafuni, halafu nikakaa kwenye ndoo.

Umesema jina linaliwa. Sikio hakula jina lako. Kila ukurasa aliandika bendi, mwaka, nani alipiga nini, na wewe alikutaja kwenye gitaa mara sitini na tatu. Mstaafu yule wa besi alimwambia hakuwahi kujua mpiga gitaa alikuwa nani mpaka aliposoma pale. Hilo nalo hao wa kampuni walikusomea?

Tumejibu ule ujumbe. Mama wa fotokopi aliandika, mimi nikasema maneno. Tuliwaambia mwenye akaunti amefariki mwezi wa kumi na moja, mimi ni mama yake, nimeambatisha cheti. Jibu lilikuja kabla sijanyanyuka kwenye kiti. "Mpendwa mtumiaji, tafadhali jibu kupitia akaunti yako na uthibitishe kuwa ni wewe." Tukaandika tena. Likaja lile lile. Mama wa fotokopi akasema, "Hao hawasomi, shoga, ni mashine inajibu." Nikamwambia basi mashine hiyo imwambie mashine mwenzake kwamba mtu amekufa. Waliokuwa wanazitumia nao sijui nitawapata wapi, majina yao yalikuwa chini ya kurasa hizo hizo.

Sasa nataka nikukumbushe jambo ambalo huwa hatulisemi. Pindo ya ukurasa wa arobaini na moja siyo ile ya kwenye santuri. Unajua. Sikio aliniambia siku moja, nilikuwa naimba nikikunja nguo. Akasema, "Mama, siku hizi unaimba kama redio. Zamani hukuwa ukiimba hivyo. Pale unapokata uzi ulikuwa unapanda, sasa unashuka kama Mjomba." Nikamwambia nimezeeka, nashuka popote. Akasema, "Mimi nimeiandika ile ya zamani, nilivyokuwa naisikia nikiwa chini ya mashine." Alikuwa na miaka minne au mitano hapo. Alilala chini ya mashine ya mama kama ulivyokuwa ukilala wewe.

Kwa hiyo hata kama nyingine sitini na mbili ni za kampuni, hiyo moja hawana. Haiko kwenye kanda yoyote unayoigeuza. Waambie hivyo.

Na niulize: ulijua habari za malalamiko hayo kabla ya barua yangu?

Mdogo wako.

9 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa haraka, tunahamisha rafu. Mkubwa bado hajarudi, au amerudi ameondoka tena, huku hawaagi. Nimekutumia kitambaa cha kijani ulichosema zamani unakitaka. Kama rangi siyo, fundi wa kukibadilisha ni wewe.

Mguu unakusalimu.

Kaka.

20 Aprili

Kaka,

Kitambaa kimefika. Rangi ni yenyewe. Nimekiweka kabatini, sijakikata.

Swali langu hukulijibu, kwa hiyo jibu nimelipata pengine. Ule ujumbe wa kwanza ulikuwa na karatasi imeambatishwa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mama wa fotokopi aliikuza mpaka ikajaa kioo kizima. Ni orodha ya nyimbo zote, na chini yake imeandikwa kwamba mtunzi wa mwisho aliye hai amethibitisha nyimbo zote ni zake na za wenzake, na kwamba hakumruhusu mtu yeyote kuziandika. Halafu saini.

Mkia wa saini yako naujua tangu ulipokuwa unaghushi saini ya baba kwenye ripoti za shule. Unarudi nyuma unakata jina katikati. Tarehe iliyoandikwa ni ya Desemba, kaka. Udongo wa mwanangu ulikuwa bado haujashuka.

Mama wa fotokopi aliniuliza, "Unamjua huyu?" Nikasema ni mtu wa bendi.

Sitaki kujua walikushikaje mkono. Nataka jambo moja kabla ya tarehe 15 Mei. Nenda kwa hao watu useme Pindo ni ya nani. Sijawahi kukuomba useme, hata siku ile uliposimama jukwaani ukasema uliiota. Nilikuwa safu ya tatu na mimba ya Sikio. Nilipiga makofi. Nilifurahi kweli, usifikiri nilijilazimisha. Sasa ndiyo nakuomba.

Dada yako.

22 Mei

Mdogo wangu,

Tarehe imepita na wewe umeshajua. Nilitaka nikuandikie siku ile ile, nikaogopa. Sina utani leo. Nimetafuta sikuupata.

Walikuja na ile karatasi ghalani, mwanasheria wao, binti mpole, alinibebea chai mwenyewe. Sitakudanganya kwamba sikuisoma. Niliisoma yote. Niliona jina la Sikio pale, lile la kwenye akaunti. Nilijua ni yeye na nilijua amekufa. Nilijiambia, nani bado anatazama huko? Sikujua habari za Alhamisi zako. Hilo ndilo nililojiambia.

Lakini siyo sababu. Sababu ni ule ukurasa wa arobaini na moja. Yule binti alikuwa amechapa kipande cha juu akanionyesha. Sikio alikuwa ameandika, "Pindo. Wimbo wa Mama. Mjomba aliurekodi." Hakuandika kwa ubaya. Aliandika kama mtu anayeandika mwaka au saa. Binti akaniuliza, "Mzee, huyu mama anayesemwa hapa ni nani?" Nikasema, "Hayo ni mambo ya watoto." Nikatia saini. Kalamu yenyewe ilikuwa yangu.

Nikwambie tulipoanzia, maana nadhani unadhani nimesahau. Mama alikuwa sokoni, wewe una miaka kumi na mbili umekaa kwenye mashine yake unakunja pindo za mapazia ya hoteli. Mimi niko chini na gitaa la bati. Mguu wako unakanyaga, unaimba kufuata kanyagio, ukifika mwisho wa mshono unainama unakata uzi kwa meno, hapo unanyamaza kidogo, halafu unaendelea. Nilikwambia, "Imba tena." Ukasema, "Siimbi, nashona." Miaka kumi baadaye tulipoingia kurekodi, fundi wa mitambo alisema pale pa kunyamaza panaharibu, watu watafikiri santuri imekwama. Akaniambia nipazibe nishuke moja kwa moja. Nikapaziba. Halafu akauliza mtunzi nani aandike.

Nilikwenda kusema, mdogo wangu. Tarehe 13 Mei, kwa mguu wangu, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nilimwambia yule binti kwamba Pindo ni ya dada yangu na alichoandika Sikio ni chake, siyo cha kwenye kanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani. Akasema, "Mzee wangu, ukiniambia si yako, maana yake ulituuzia mali ya mtu, itabidi nianzie hapo, na wewe ndiye utakayeumia. Ukiniambia ni yako, malalamiko yanabaki. Kwa vyovyote ule ukurasa haurudi. Unataka niandike lipi?"

Nikamwambia andika ni ya dada yangu.

Akasema ataiweka kauli yangu kwenye faili. Nadhani ni kweli ameiweka. Hakuna aliyeniita tena. Tarehe 16 niliomba mlinzi anifungulie kwenye simu yake, na hakukuwa na kitu. Kanda nageuza kama kawaida.

Nimejaribu kukuandikia upya. Noti nazijua, hiyo ndiyo kazi yangu. Nimekaa siku sita na karatasi. Ninaanza vizuri, mashine naisikia, mguu wako nausikia, nikifika pale pa kukata uzi mkono unashuka. Nimejaribu kuulazimisha upande, unapanda lakini si mahali pako, ni mahali popote tu. Nimeipiga ile iliyozibwa miaka arobaini. Nimeipiga mpaka imekula yako.

Uimbe wewe. Imba kwenye simu ya mtu yeyote, wanirekodie, wanitumie. Nitaandika kila kitu, pumzi na yote, na juu nitaandika alivyoandika Sikio. Neno kwa neno.

Kaka yako, ukikubali.

14 Juni

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile karatasi ya saini niliisoma mara moja, kwa hiyo uone tofauti.

Huku tumemaliza sare. Sasa ni mapazia ya hospitali, kitambaa kigumu, sindano zinavunjika. Mnene wa mabega amepata mjukuu, amekuwa hafanyi kazi anaonyesha picha. Nami nilipewa nizitazame, nikazitazama zote. Ukuta wa bafuni umezibwa lakini vigae havikupatikana vya rangi ile, kwa hiyo pana kiraka cheupe.

Nilifanya ulivyosema. Niliondoa shuka, nikatia mafuta mashine ya mama, nikaweka kitambaa chako cha kijani, maana nilifikiri mguu utakumbuka. Mama wa fotokopi alikuja na simu yake akakaa kwenye kitanda cha Sikio na mlango wazi. Nikakanyaga. Nikaimba. Nilifika pale, nikainama nikakata uzi kwa meno, nikanyamaza. Nikaendelea, na nilikuwa nashuka. Nikarudia. Pindo nzima ya kitambaa chako nimeikunja, kaka, upande wote, kwa kujaribu. Mara moja nilipanda, mama wa fotokopi akaruka akasema ndiyo hiyo, lakini alikuwa hajawahi kuisikia, alisema tu kunifurahisha. Haikuwa yenyewe.

Sikio alinionya kwamba naimba kama redio. Nilijua ile ya zamani iko kwake, kwa hiyo sikuhangaika.

Na mimi nina langu la kusema. Mwezi wa kumi na mbili, siku zile zile ulizotia saini, mama wa fotokopi aliniambia, "Shoga, nikutolee zote kwenye karatasi ukae nazo nyumbani." Nilimkatalia. Nilimwambia, "Za nini, si zipo humo?" Nilifikiri karatasi zitachakaa, zitamwagikiwa chai, humo ndani ndimo salama. Alijaribu ukurasa mmoja hivyo hivyo, anionyeshe ulivyo mzuri. Wino ukaisha, ukatoka mtupu, akautupa kwenye rundo la karatasi za kuandikia hesabu nyuma. Hatukuukumbuka tena.

Jumanne alinitumia mtu karakana niende. Amepangua lile rundo lote, mwenyewe, kuanzia Desemba. Ameupata. Ulikuwa ni wa arobaini na moja. Nilikuwa nimeomba anifungulie huo kwa sababu ndio ninaoupenda. Nyuma kuna hesabu za daftari za mtu. Mbele ni kweupe, wino haukushika noti hata moja, si herufi, si mstari, si jina la wimbo. Mahali pamoja tu, karibu na chini, mashine ilikuwa imejikamua mara ya mwisho, ukatoka mstari mmoja hafifu, ni lile neno lake la pembeni.

Nimeukata nikaubandika kwa pini juu ya mashine, usawa wa macho. Sikuutumii. Usinielewe vibaya, hauna cha kusomwa na mtu wa noti.

Usipande tena ghorofa ya nne kwa mguu ule. Ulisema, nimesikia. Ukipata likizo uje, chumba kipo. Gitaa usije nalo.

Jioni nikirudi nakaa nakanyaga kidogo, bila kitambaa. Naanza mwanzo, naupata wote, mpaka pale. Nasoma, "Hapa Mama huvuta pumzi," navuta kama alivyoandika. Halafu sijui kinachofuata.

Mdogo wako.